Watoto wenye ulemavu wasisahaulike gonjwa likija tena

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Shule zilipofungwa Machi 2020 sababu ya korona mpaka mwisho wa Juni, watoto wengi huku Mtwara walikuwa bado wanakimbizana mitaani, ila mtoto wa dada yangu ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake hauongozi misuli vizuri, yeye shule ndo ilikuwa uwanja wake, akabaki kwenye mkeka barazani anawaangalia wenzie. Miguu ikakaza hadi ukimvisha suruali analia, usiku halali.

Watu wanadhani mtoto asiyetembea hahitaji mazoezi, jamani si kweli! Shirika la Afya Duniani mwaka huohuo lilisema watoto wa miaka 5 mpaka 17 wenye ulemavu nao wafikie wastani wa dakika 60 kwa siku, kila mmoja kwa uwezo wake. Na wala hahitaji mashine, mnyooshe miguu taratibu, mrushiane mpira wa makaratasi akiwa amekaa, mpeleke ufukweni Shangani maji yakiwa yametulia apigepige miguu huku umemshika.

Naomba halmashauri na walimu, kabla hamjafunga geti mfundisheni mzazi hayo mazoezi, na kila wiki mpigieni simu, maana mama wa watu anashinda shambani anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, akirudi kachoka.

Mama mdogo, Mtwara