Damu ya utafiti ilitoka kwetu, sasa kipimo na dawa ya sikoseli vifike zahanati zetu

Kwako Mhariri,

Kila ikifika Juni 19, siku ya dunia ya ugonjwa wa selimundu, ule wengi wetu tunaita sikoseli, huku Kisumu tunaona tisheti nyekundu, tunasikia hotuba, watu wanapiga picha, alafu kesho yake mama mwenye mtoto mgonjwa anarudi kwa zahanati ile ile anaambiwa dawa hakuna, nenda kajaribu kemisti. Nimechoka na hii na najua siko peke yangu, manake huku kando ya ziwa ukiuliza watu polepole utapata karibu kila ukoo kuna mtoto kama huyo, ama kulikuwa na mtoto.

Shida yangu ni moja. Mengi ambayo dunia inajua kuhusu huu ugonjwa yalitoka kwa damu ya watu wa huku, na mpaka leo mtoto anaweza kuzaliwa Siaya ama Busia na akae hadi mwaka wa pili, wa tatu, bila mtu kumpima.

Watu wengi hawajui hii historia kwa hivyo wacha niiseme. Mwaka wa 1949 kijana anaitwa Anthony Allison, mzungu aliyelelewa kwa shamba Gilgil hapo karibu na Nakuru, alikuja na wenzake wa chuo cha Oxford akazunguka Kenya akitoa watu damu, makabila tofauti, pwani, milimani, ziwani. Akaona kitu cha ajabu. Huku kwetu karibu na ziwa Victoria na kule pwani watu zaidi ya 20 kwa kila 100 walikuwa wamebeba mbegu (jeni) ya sikoseli bila kuugua, lakini milimani kwenye baridi hata mmoja kwa 100 ilikuwa ngumu kupata. Akajiuliza ni nini iko ziwani na pwani na haiko milimani, jibu likawa malaria. Ili kuhakikisha, akachukua wanaume 30 Waluo waliokuwa wakiishi Nairobi, 15 wamebeba mbegu na 15 hawana, wakaambukizwa malaria makusudi. Wale hawana mbegu 14 walipata malaria. Wale wamebeba, ni 2 tu. Matokeo yakachapishwa Uingereza mwaka wa 1954 na mpaka leo wanafunzi wa bayolojia dunia nzima wanafundishwa hayo.

Fikiria hapo kidogo. Wanaume 30, pengine babu ya mtu anayesoma hii gazeti, walitiwa malaria mwilini ili sayansi ijue. Siku hizi utafiti wa namna hiyo hauwezi pita kamati yoyote ya maadili, na ni sawa usipite. Lakini walishatoa, na deni liko.

Na kuna jambo moja lazima nilinyooshe kwa sababu nalisikia vibaya kila siku, hata kwa watu wamesoma. Anayekingwa na malaria kali ni yule amebeba mbegu moja, kutoka kwa mzazi mmoja. Yule mtoto amepata mbili, ya baba na ya mama, huyo ndiye mgonjwa, na huyo malaria haimuogopi, malaria ni moja ya vitu vinamuua haraka. Ndio maana anafaa kulala kwa neti kila siku na kupewa dawa ya kuzuia malaria. Kuna wazazi wanaambiwa na majirani eti mtoto wa sikoseli hapatwi na malaria, wanalegea kwa neti, alafu inakuwa msiba.

Mtoto wa dada yangu alianza kuvimba akiwa na miezi saba, vidole vya mikono na nyayo pande zote mbili, ngozi imekaza mpaka inang'aa, ukimgusa tu analia mpaka sauti inaisha. Mahali pa kwanza walisema malaria, akapewa dawa. Ikarudi, malaria tena. Macho yakageuka manjano, wakasema malaria imeingia kwa ini. Nyumbani nako shangazi mmoja akaanza maneno ya chira, eti kuna mwiko mama amevunja, na baba mtoto naye anasema kwao hakuna ugonjwa kama huo kwa hivyo huyu mtoto ameutoa wapi. Ni tabibu mmoja kijana, alikuwa tu ametoka chuo, aliangalia vile vidole, akauliza kama kuna mtoto mwingine alikufa kwa hiyo familia, akaandika kipimo cha damu. Siku hiyo hiyo tukajua. Na baba akaelezwa vizuri kwamba hii haiwezi toka upande mmoja, lazima wazazi wote wawili wawe wamebeba, na kila mimba ni uwezekano wa 25 kwa 100, haijalishi ile ya kwanza ilitoka vipi. Nilimuona vile alinyamaza. Wako pamoja mpaka leo, namshukuru kwa hilo, lakini najua ndoa nyingi huku zimevunjika hapo hapo, mama anarudishwa kwao na mtoto mgongoni.

Miezi saba si bahati mbaya, iko na sababu. Daktari anaitwa Janet Watson kule New York aligundua mwaka wa 1948 kwamba mtoto mchanga mwenye huu ugonjwa anakaa sawa mwanzoni kwa sababu bado ana ile hemoglobini ya tumboni (hemoglobini ni kitu cha kubeba hewa ndani ya seli nyekundu za damu), ambayo haipindishi seli. Ikianza kupungua baada ya miezi michache, ile nyingine inachukua nafasi, seli zinapinda, zinakwama kwa mishipa midogo ya vidole, ndio huo uvimbe. Kwa hivyo tunapewa nafasi ya miezi kadhaa tangu mtoto azaliwe kujua na kujipanga kabla maumivu kuanza, na huku kwetu hiyo nafasi inapotea bure kwa sababu watoto wengi hawapimwi.

Na kujua mapema kunaokoa maisha, hii si maneno ya matumaini. Mwaka wa 1986 kulichapishwa utafiti Marekani, watoto wadogo wenye sikoseli wakapewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, maambukizi mabaya ya damu yakapungua kwa 84 kwa 100 mpaka ikabidi wausimamishe mapema ili wote wapewe. Penisilini, Mhariri! Dawa ya zamani, dawa ya bei ya chini. Kule Jamaika nao madaktari wakawafundisha kina mama kupapasa bandama, kwa sababu kuna wakati damu inajaa kwa bandama ghafla mtoto anaweza kufa kwa masaa, na vifo vya aina hiyo vikashuka sana. Dada yangu alifundishwa na nesi, kila asubuhi kabla ya uji analaza mtoto chali, anaweka vidole viwili chini ya mbavu za kushoto, anasukuma pole pole. Asubuhi moja akasikia kitu kigumu hakikuwako jana, akaita boda bila kungojea, wakafika akaongezwa damu. Mtoto yuko darasa la pili sasa. Nesi mmoja na dakika tano za kufundisha, basi.

Alafu kuna haidroksiurea. Hii ni dawa ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka wa 1869, baadaye ikatumika kwa kansa, alafu wakagundua inarudisha ile hemoglobini ya tumboni. Marekani ilikubaliwa kwa watu wazima wenye sikoseli mwaka wa 1998. Watu walikuwa wanasema Afrika haifai, eti italeta malaria na magonjwa mengine juu ya mtoto dhaifu. Basi watafiti wakaipima hapa hapa Afrika, watoto kama 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, yaani Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019. Yale maumivu makali yakashuka chini ya nusu ya vile yalikuwa. Kuongezewa damu kukashuka mpaka theluthi. Malaria nayo ikashuka kama nusu, kinyume kabisa na ile hofu. Vifo vilishuka pia. Mbale ni hapo tu ukivuka Malaba, watu wetu wanaenda huko na kurudi siku hiyo hiyo na mizigo ya ndizi.

Sasa hiyo dawa iko kwenye orodha ya WHO, shirika la afya duniani, ya dawa muhimu, lakini enda zahanati ya kijijini uulize. Wazazi ninaowajua wananunua kemisti kwa kuhesabiwa kapsuli, wakiwa na pesa wananunua za mwezi, wakikosa wanachukua za wiki, zikiisha mtoto anakaa bila mpaka mahindi iuzwe. Na si dawa ya kumeza kiholela, lazima damu ipimwe kila baada ya muda kuona haijashusha seli sana, kwa hivyo ukisema dawa lazima useme na labu pia. Nasikia watu wanafurahia ile tiba mpya ya kubadilisha jeni, iliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na mimi pia nafurahia sayansi kufika huko. Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa Kombewa, huku Kisumu kijijini, hawezi ngojea hiyo. Anangojea penisilini.

Kuna wale watasema mambo ya utafiti huchukua miaka mingi kufika kwa wananchi. Hapana, nakataa, tumeona ikifika haraka hapa hapa. Utafiti wa tohara na ukimwi ulifanyiwa Kisumu, vijana 2,784 waliingia, ukasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu ilionekana wazi tohara inapunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu. 2008 serikali ikaanza mpango, na kila mtu wa umri wangu anakumbuka vile hema zilijaa Nyanza yote, mobilaiza, wale wa kuhamasisha watu, wako sokoni, wako ufuoni na wavuvi, bure kabisa, na Waluo ni jamii ambayo haikuwa na desturi ya kutahiri! Neti zenye dawa zilipimwa Asembo na Gem, kule Siaya, miaka ya tisini, zikaonekana zinaokoa watoto, leo zinagawanywa bure. Chanjo ya malaria ilijaribiwa Kombewa na Siaya kati ya sehemu zingine, Septemba 2019 ikazinduliwa Homa Bay. Ukiendesha kutoka Kisumu kwenda Busia unapita KEMRI, taasisi ya utafiti wa afya, pale Kisian, watafiti hatujawahi kosa. Kwa nini sikoseli, ambayo utafiti wake wa huku ulichapishwa tangu 1954, ndio imeachwa nyuma? Mimi naona ni kwa sababu haiambukizi, kwa hivyo haitishi mtu wa mbali, na wanaoumia ni watoto wa kaunti chache za ziwani na pwani. Kama ugonjwa ungekuwa unasambaa na ndege ungeona pesa.

Na kazi yenyewe haihitaji kujenga kitu kipya. Mtoto anazaliwa, anachanjwa BCG ya kifua kikuu, anarudi wiki ya sita kwa sindano zingine, kadi iko, nesi yuko, kiti ni kile kile. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vya tone moja la damu kutoka kisigino, majibu yanatoka mama akiwa bado amekaa hapo kwa benchi. Apimwe siku anazaliwa, na wale wanazaliwa nyumbani wapimwe wiki ya sita. Akipatikana nayo, penisilini ianze kabla ya miezi mitatu, mama na baba wote wafundishwe bandama iko wapi, aandikiwe kliniki ya karibu, si kuambiwa safari yote mpaka Kisumu mjini kila mwezi na nauli hakuna. Akipatikana amebeba mbegu moja tu, waelezwe wazi kwamba mtoto hana ugonjwa, wasije wakaanza kumficha.

Ninajua mtu wa fedha atauliza pesa itatoka wapi. Mtoto asiyejulikana analazwa mara kwa mara, anaongezwa damu ambayo yenyewe imekosekana benki ya damu, anapewa dawa za malaria ambayo hana, na mama anaacha biashara ya samaki kukaa wodini. Hizo pesa zinatumika tayari, ni vile tu hakuna mtu anazijumlisha. Na watafiti wamekadiria kwamba Afrika zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa na huu ugonjwa wanakufa kabla ya miaka mitano, wengi bila hata kujulikana walikuwa nao, hao kwa vitabu wanaandikwa malaria ama nimonia.

Mhariri, naomba kitu kimoja kutoka kwenu. Mtume mwandishi wenu wa huku aende kwa mawaziri wa afya wa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga na Bungoma, awaulize maswali haya matatu: mwaka uliopita ni watoto wachanga wangapi walipimwa sikoseli kwenye kaunti yako, ni zahanati gani saa hii ziko na penisilini ya kumeza na haidroksiurea kwa rafu, na bajeti ijayo imeweka shilingi ngapi kwa hiyo kazi. Mchape majibu, kaunti kwa kaunti. Na ile itakataa kujibu, mchape pia kwamba imekataa, sisi tutaenda na hilo gazeti kwenye kikao cha maoni ya bajeti.

Msomaji wako,
Manyatta, Kisumu