Mdogo wangu, usijiandike raia wa Zambia

Mdogo wangu uliye Kitwe, Zambia,

Jambo. Huku Katuba, Lubumbashi, wote wazima, mama anakusalimu sana.

Nimesoma ujumbe wako juu ya ile fomu. Jirani amekushauri utie alama penye "citizen", yaani raia, kwa kuwa una kazi, umepanga nyumba na kibali cha kukaa kimeshatoka. Tafadhali usifanye hivyo. Wewe ni "resident", yaani mkazi. Najua Lubumbashi mtu yeyote asiye askari tunamwita raia, lakini fomu hiyo inauliza wewe ni mtu wa nchi gani.

Kibali chako kina tarehe ya kwisha. Ukihamia Dar es Salaam kesho, utakuwa mkazi wa Dar es Salaam. Lakini uraia haubadiliki kwa kufunga mizigo na kuhama. Kwa sheria yetu ya mwaka 2004, mtoto ni Mkongomani hata kama ni mzazi mmoja tu aliye Mkongomani, kwa hiyo mtoto wako akizaliwa huko Kitwe bado ni wetu.

Kilichonitia hofu zaidi ni maneno yako ya mwisho, kwamba baadaye utaomba uraia wa huko na kubaki na wa kwetu. Zambia inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu marekebisho ya katiba ya 2016. Kongo hairuhusu: kifungu cha 10 cha katiba ya 2006 kinasema uraia wetu hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Ukichukua wa nchi nyingine, wa Kongo unaupoteza. Wenye pasi mbili wapo, lakini wewe usijenge maisha yako juu ya hilo.

Wala ukazi usiudharau. Hukuwa umezaliwa Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, miji ya huku Katanga, mwaka 1992 na 1993. Familia nzima zililala kwenye stesheni zikingoja treni. Walikuwa raia wa nchi hii hii, wengi wamezaliwa Katanga, watoto na wajukuu wa watu waliokuja kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi. Walichonyimwa ni haki ya kukaa pale walipokuwa wamejenga. Nikikumbuka hayo, nakuomba sana ukitunze kibali chako, ukiongeze muda kabla hakijaisha.

Penye uraia andika Kongo. Penye makazi andika Kitwe, na anwani kamili. Nitumie picha ya fomu kabla hujaipeleka. Jumapili nitakuwa kwa mama, tutaisoma pamoja kwenye simu.