Wakazi wenzetu kutoka nje, msipande miti Julai

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wakazi wenzetu waliotoka nchi za nje, wa Njiro, Sakina, Usa River na Shanty Town kule Moshi, ambao kila mwaka hujikusanya kupanda miti na kusafisha mito. Sisi ni wakuza miche, na kampeni hizo huchukua miche kwenye vitalu kama vyetu. Nia yao ni njema na jasho lao tunaliona. Kinachowaangusha ni kalenda.

Likizo za Ulaya na Marekani ni Juni hadi Agosti. Ndipo ndugu zao na vijana wa kujitolea wanapofika, na Siku ya Mazingira Duniani nayo ni tarehe 5 Juni, basi upandaji wote unapangwa hapo. Huku kwetu masika ni Machi hadi Mei, na vuli haiji kabla ya mwisho wa Oktoba. Mche unaotiwa ardhini Julai unaingia kiangazi huku mizizi yake haijatoka hata nje ya udongo uliokuja nao. Piga hesabu: miche 200, kila mmoja lita 10 mara mbili kwa wiki, ni lita 4,000, yaani ndoo kubwa 200 kila wiki kwa muda wa miezi mitatu au minne. Nani atazibeba? Waliopanda wengi wamesharudi kwao. Anayebaki ni mlinzi wa shule, na yeye hakuulizwa.

Mashimo yachimbwe Februari, sentimita 60 upana na 60 kina. Udongo wa juu uwekwe upande wake, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha mvua zikishalowesha ardhi, mche uingie. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, kichanwe kwa wembe na kitolewe chote. Tumeng'oa miche iliyokauka tukakuta kiriba bado kimeivaa, na mzizi mkuu umejizungusha chini kama kamba kwenye ndoo. Wakati wa kupanda, mzizi wa namna hiyo ukatwe pale unapoanza kujipinda. Ukiachwa, mti utasimama mwaka mmoja au miwili kisha utadumaa. Kando ya mto ifaayo ni mringaringa, msesewe na mkuyu. Mkaratusi unakua haraka na unapendeza kwenye picha, lakini unakunywa maji mno. Usipandwe kwenye chanzo cha maji wala ukingoni.

Nguvu ya Juni hadi Agosti ipelekwe mtoni. Maji ya Themi, Naura na Goliondoi yamepungua, taka zinaonekana na kingo hazitelezi sana. Tena kinachookolewa hapo si Arusha tu, maana Themi inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini gari la kubeba taka lipatikane kabla ya glovu. Kosa tunaloliona kila mara ni salfeti kupangwa vizuri ukingoni, watu wakaondoka, mbwa wakazipasua, na mvua ya kwanza ikarudisha kila kitu majini. Salfeti yenye taka mbichi na matope ijazwe nusu tu, la sivyo watu wawili hawaipandishi ukingo. Chupa za plastiki zitengwe palepale, kwa kuwa wapo wanaozinunua kwa kilo. Pampasi ndizo nzito na ndizo nyingi, na hazina mnunuzi. Hizo ziende dampo siku hiyohiyo, zisichomwe. Kila anayeingia majini avae buti za mpira, kwa sababu ya vioo na kichocho.

Jambo la mwisho ndilo linaloamua yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wageni wengi wanaijua namba hiyo kuliko wenyeji, wakaona eneo hilo liko wazi. Haliko wazi. Kuna mama analima mchicha hapo, kuna mzee anakata mabingobingo ya ng'ombe wake. Ukipanda bila kuzungumza naye, miche itang'olewa usiku, na hatutamlaumu. Mfuateni kwanza, mkiwa na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na mzungumze Kiswahili hata kama ni cha kuungaunga. Miti ikiachiana mita nne au tano, mabingobingo yanaweza kuendelea katikati kwa miaka ya mwanzo, na yanashika udongo. Mzee akiendelea kupata majani yake, atakuwa wa kwanza kufukuza mbuzi wa watu kwenye miche yenu. Fedha mnayotenga kwa fulana za kampeni mpeni yeye kama posho ya kumwagilia kiangazi cha kwanza.

Miche ya kupanda Machi husiwa kuanzia Agosti hadi Oktoba. Vikundi vinavyotaka miche ya masika yajayo viende vitalu vya jirani mapema, vitaje aina na idadi, na wale vijana wa likizo waje na mikono yao kujaza viriba.

Wakuza miche,
Arusha