Asiyetaka kuua asikilizwe

Mhariri,

Anayekataa bunduki kwa sababu ya dhamiri huitwa mwoga kabla hata hajafungua mdomo. Linaniuma sana. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya Uingereza iliruhusu watu hao wasamehewe jeshi, lakini wengi walinyimwa msamaha kamili. Wanaume 35 kati yao walihukumiwa kifo huko Ufaransa, mbele ya askari waliopangwa mistari, ndipo wakasomewa kwamba adhabu imegeuzwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu. Hebu fikiria ule ukimya wa katikati!

Naye Desmond Doss, tabibu wa jeshi la Marekani aliyekataa silaha, aliteremsha majeruhi kwa kamba kutoka juu ya genge la mwamba kisiwani Okinawa, Japani, mwaka 1945, mmoja mmoja. Huyo mwoga?

Maombi ya kusamehewa jeshi kwa sababu ya dhamiri yaamuliwe na raia, si maofisa wanaosaka askari.

Msomaji wenu