Barua kwa rafiki kuhusu Makhaya Ntini

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Barua yako imenifikia salama, na nimeona nisichelewe kujibu swali lako: kwa nini, kila tunapozungumza juu ya warushaji wa kasi wa kriketi wa Afrika Kusini, mimi huanza na Makhaya Ntini, ilhali Allan Donald alimshinda kwa kasi, Shaun Pollock kwa shabaha, na Dale Steyn kwa idadi ya wiketi, yaani wapigaji aliowatoa. Yote uliyoyasema ni kweli, wala sina nia ya kuyapinga. Ninachotaka kukueleza ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyelazimika kuyabeba yale aliyoyabeba Ntini huku akirusha mpira, na kwamba hesabu ya wiketi isiyoonyesha mzigo huo ni hesabu pungufu.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na mji wa King William's Town ambao siku hizi unaitwa Qonce, katika jimbo la Rasi ya Mashariki. Alikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Raymond Booi, aliyekuwa ofisa wa kuendeleza kriketi katika eneo la Border, sehemu ya jimbo hilo, ndiye aliyemwona akirusha mpira kwa nguvu ilhali miguu yake ni mitupu. Akamtafutia raba za kuazima, akamwingiza katika mazoezi ya mjini, na hatimaye kijana akapata nafasi katika shule ya Dale College, ambako ilimbidi ajifunze kwa pamoja Kiingereza, masomo, na maisha ya bweni katika shule ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya watoto wa Kizungu.

Hadithi hiyo ya mchungaji aliyevumbuliwa husimuliwa sana, na hupendwa sana, lakini mimi hunitia wasiwasi inaposimuliwa peke yake, kwa kuwa humfanya msikilizaji adhani kwamba kriketi ilikuwa kitu kigeni kabisa kwa watu wa kwao hadi mgeni mwema alipokuja kuwaletea. Sivyo. Waxhosa wa Rasi ya Mashariki walikuwa wakicheza kriketi tangu karne ya 19, katika shule za wamisionari kama Lovedale na Healdtown, na mchezo ukaendelea vijijini na mitaani mwao kizazi baada ya kizazi. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa. Unakumbuka jinsi Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town asiye Mzungu, alivyolazimika kuhamia Uingereza ili acheze mechi za kimataifa, na jinsi ziara ya Waingereza ya mwaka 1968 ilivyofutwa kwa sababu serikali ya ubaguzi wa rangi ya John Vorster haikukubali kumpokea akiwa mmoja wa wageni. Afrika Kusini ilicheza mechi yake ya kwanza ya Testi, yaani mechi ya kimataifa ya siku kadhaa, mwaka 1889. Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa kofia ya timu hiyo katika mechi ya Testi ni Ntini, mjini Cape Town, dhidi ya Sri Lanka, mwezi Machi 1998. Hiyo ni miaka 109, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na wachezaji ambao majina yao hatutayajua kamwe.

Siwezi kukuandikia kana kwamba njia yake ilinyooka baada ya hapo. Mwaka 1999 alishtakiwa kwa ubakaji, mahakama ikamtia hatiani, naye akakata rufaa akishikilia kwamba hakutenda kosa hilo. Mwaka huohuo hukumu ikabatilishwa, akaachiwa huru. Nalitaja jambo hili kwa sababu anayesimulia maisha ya mtu hana haki ya kuruka sehemu nzito, lakini sina la kuongeza juu ya uamuzi wa mahakama.

Aliporudi katika timu ya taifa, alirudi akiwa mrushaji wa kweli. Mtazame vizuri utaona kwamba alikuwa akiachia mpira kutoka pembeni kabisa mwa mstari wa kurushia, mbali na vijiti vya wiketi, kiasi kwamba mpira ulimwendea mpigaji wa mkono wa kulia kwa mshazari, ukimwingilia mwilini na kumnyima nafasi ya kunyoosha mikono. Mwanzoni wapigaji wazuri walimzoea, kwa kuwa walijua mpira utaelekea upande uleule kila mara. Alichojifunza baadaye, na ambacho naona hakijapewa heshima inayostahili, ni kuufanya mpira mmoja mmoja ushike njia yake baada ya kudunda badala ya kuendelea kuingia, hivyo mpigaji aliyekwisha kujiandaa kwa mshazari akajikuta ameugusa kidogo na kudakwa nyuma ya vijiti. Kwa wapigaji wa mkono wa kushoto mshazari uleule uliupeleka mpira mbali nao, na wengi walishindwa kujizuia kuufuata. Juu ya hayo yote kulikuwa na pumzi. Alirusha zaidi ya mipira 20,000 katika mechi za Testi, na mpira wa jioni, jua likiwa limekwisha kuwachosha wengine, ulitoka mkononi mwake kwa bidii ileile ya asubuhi.

Matunda yalionekana. Mwaka 2003, katika uwanja wa Lord's mjini London, alichukua wiketi 5 katika kila zamu ya Uingereza ya kupiga, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kufikisha wiketi 10 katika mechi moja ya Testi uwanjani hapo. Watu wengi huitaja mechi hiyo kuwa kilele chake, nami naielewa sababu, maana Lord's ni Lord's. Hata hivyo mimi nachagua Port of Spain, huko Trinidad, mwezi Aprili 2005. Pale alikuwa ugenini nyumbani kwa Brian Lara, mpigaji mashuhuri wa West Indies, na Lara mwenyewe katika zamu ya kwanza alipiga mbio (yaani pointi) 196, lakini upande wa pili Ntini aliendelea kuwaondoa wenzake hadi akafikisha wiketi 6 kwa mbio 95 zilizopatikana kwenye mipira yake. Zamu ya pili akachukua 7 kwa mbio 37. Jumla ni wiketi 13 kwa mbio 132, akaivunja rekodi ya Hugh Tayfield iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1952, na hadi ninapokuandikia hakuna Mwafrika Kusini aliyefanya vizuri zaidi katika mechi moja ya Testi. Kagiso Rabada alimkaribia mwaka 2016 kwa wiketi 13 kwa mbio 144, lakini hakumfikia.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi 2006, aliiangusha Australia mjini Cape Town kwa wiketi 6 kwa mbio 22 katika mechi ya siku moja, Waaustralia wakatoka wote kwa mbio 93. Siku chache baadaye, katika ile mechi ya Johannesburg ambayo Australia ilipiga 434 na Afrika Kusini ikajibu kwa 438, alikuwa mpigaji wa mwisho kuingia, zikihitajika mbio 2 za ushindi na imebaki mipira 3, anayerusha akiwa Brett Lee wa Australia. Akausukuma mpira, akapata mbio 1, matokeo yakawa sare, na mwenzake Mark Boucher akamaliza kazi kwa mpira uliofuata. Mbio hiyo moja haionekani kitu katika takwimu zake, na bado siwezi kuisimulia mechi ile bila kuitaja.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niiandike barua hii kwa urefu. Kwa miaka mingi magazeti yalimsifu Ntini kwa kukimbia. Wenzake walipanda basi kutoka hotelini kwenda uwanjani. Yeye alimkabidhi dereva mfuko wake, akakimbia njia nzima, na jioni akarudi vivyo hivyo. Ilitajwa kuwa nidhamu, na kwa hakika mwili wake ulikuwa imara kuliko wa wengi. Kisha mwezi Julai 2020, katika mahojiano na shirika la utangazaji la SABC, alieleza sababu yenyewe. Alisema hakukuwa na mtu aliyegonga mlango wa chumba chake kumwita waende kula chakula cha jioni; wenzake walipanga mambo yao mbele yake huku wakimwacha nje; alipokwenda kukaa nyuma ya basi, wao walihamia mbele. Alikuwa akiukimbia upweke.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Uwanjani walimkumbatia kila alipochukua wiketi, wakaimba naye wimbo mmoja wa taifa, na akacheza nao zaidi ya miaka 10. Na alikuwa mtu wa tabasamu, mpendwa wa watazamaji kila mji aliokwenda! Ndiyo maana naona uchungu mkubwa: nchi ilihitaji tabasamu lake liwe ushahidi kwamba mambo yamebadilika, naye akalitoa, na hakuna aliyemuuliza anakula na nani. Mwaka 2021 baraza la kriketi la nchi hiyo liliendesha vikao vya kusikiliza malalamiko ya ubaguzi, chini ya wakili Dumisa Ntsebeza, na ikabainika kwamba wengine wengi walikuwa na masimulizi yao.

Mwisho wake uwanjani ulikuja haraka. Alicheza mechi yake ya 100 ya Testi huko Centurion mwezi Desemba 2009, dhidi ya Uingereza, akacheza ya 101 mjini Durban, kisha akaachwa. Alimaliza akiwa na wiketi 390 za Testi na 266 za mechi za siku moja, na wakati huo Mwafrika Kusini pekee aliyemzidi katika Testi alikuwa Pollock. Aliagwa mwezi Januari 2011, mjini Durban, katika mechi dhidi ya India iliyochezwa kwenye uwanja wa soka wa Moses Mabhida. Mwanawe Thando naye akawa mrushaji, akaichezea timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 19.

Uliniambia kwamba unatafuta picha za video za kuwaonyesha vijana unaowafundisha. Nakuomba uanze na zamu ya pili ya Port of Spain, uwaambie watazame mahali anapoweka mguu kabla hajaachia mpira. Wale wakubwa kidogo uwape na mahojiano ya 2020, wayasikilize yote bila kukatizwa, kisha uniandikie walichosema.

Nisalimie mama na watoto.

Wako daima,
Rafiki yako