Siku ya CPN, watoto wanakula nini?

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika hapa kwamba kumpa mama mwenye mimba pesa ili aende CPN, yaani kliniki ya kupimwa mimba, ni kumnunua, na kwamba mama anayempenda mtoto wake hangoji kuhongwa. Samahani kwake, lakini nadhani ni mtu wa mshahara. Mtu wa mshahara akikosa kazini siku moja, mwisho wa mwezi bado anaitwa kutia sahihi.

Mimi nauza unga wa mahindi kwa meka, kile kipimo chetu cha sokoni, katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mkwe wangu anauza meza ya pili kutoka yangu. Mwezi uliopita alikwenda CPN kwa mara ya kwanza, na mimba ilishafika miezi sita. Alitoka Katuba saa kumi na moja alfajiri ili awahi benchi. Wakaimbishwa, wakafundishwa habari ya kula samaki, maharage na matunda kila siku (hapo, anasema, wanawake waliangaliana tu), wakapimwa uzito, presha na damu. Zamu yake ilipofika, muuguzi akafungua fishi (kadi ya kliniki) mpya na kumkaripia mbele ya wenzake: "Miezi yote hiyo ulikuwa wapi?"

Alikuwa sokoni, muuguzi. Siku hiyo alirudi saa tisa mchana, gunia lake likiwa bado limefungwa kwa kamba ileile ya jana. Aliyemkopesha gunia alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, anamngoja.

Jumapili, kwenye likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, niliwasomea wenzangu ile barua. Tuko kumi na wawili, na sote tumezaa. Kelele ziliruka pande zote. Mmoja alikubaliana na msomaji wenu kabisa: yeye alikwenda mara zote bila kupewa hata sabuni, na anaona pesa zitawaletea wasichana tamaa. Mwingine aliona haya. Alisema akipewa bahasha pale, mtaa mzima utajua kwamba mume wake ameshindwa. Wa tatu, asiyependa maneno marefu, aliuliza: "Ile siku ya CPN, batoto banakula nini?" Tukanyamaza kidogo, maana hilo ndilo swali.

Habari ya tamaa naipita haraka. Ubebe mimba miezi tisa, uzae, ulee, kwa bei ya meka chache za unga? Hakuna mama wa soko asiyejua hesabu hiyo.

Habari ya haya ni nzito zaidi. Wazee wa mji huu wanakumbuka posho ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi, mama alizaa katika hospitali ya kampuni, na kila mtoto aliyeandikwa aliongeza unga nyumbani. Sikumsikia hata mtu mmoja akisema mama amenunuliwa. Posho ilikuwa ya kila nyumba ya mfanyakazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuchekwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa ile "kuondoka kwa hiari", na siku hizi mama analipia mwenyewe hata kipande cha sabuni cha kupelekea maternite.

Ufini nao walipita njia hiyo. Mwaka 1938 walianza kuwapa akina mama maskini boksi la nguo na vitu vya mtoto. Mwaka 1949 wakasema lipewe kila mama, maskini kwa tajiri, sharti awe amekwenda kupimwa kabla ya mwezi wa nne wa mimba kwisha. Asiyetaka boksi anachukua pesa. Tangu hapo boksi si alama ya ufukara. Na tazameni sharti lenyewe: mwezi wa nne. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linataka mama aonwe mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya kumi na mbili, kwa sababu presha ya mimba inaweza kupanda bila kuuma popote, na upungufu wa damu mama anauita uchovu wa soko. Nane, Bwana Mhariri! Hizo ni siku nane za gunia kufungwa.

Serikali ilizindua uzazi wa bure Kinshasa mwaka 2023, na mimi napiga makofi. Lakini hata muuguzi asipodai franka moja, pikipiki ya kukupeleka inadai, na siku hairudi.

Bibi mmoja wa likelemba alinipinga kwa jambo ambalo sikuweza kulijibu vizuri. Alisema ameona projeti nyingi: zinakuja na neti na zawadi, foleni inajaa, magari yanaondoka, na foleni inaondoka nayo. Ana haki. Ndiyo maana nasema pesa itolewe na kituo cha afya chenyewe, kiasi kidogo kinachodumu, kuliko kikubwa cha mwaka mmoja. Na kiingie mkononi mwa mama, tena siku ileile. Meksiko, mpango wao wa mwaka 1997 ulilipa akina mama wenyewe. Kikipita kwa baba, tunajua baa ziko wapi.

Mkwe wangu amepewa tarehe ya kurudi, Jumatano ya wiki ya pili. Ameniuliza kama ni lazima. Nimemwambia aende, nitamuuzia mimi, nikikimbia kati ya meza mbili. Aliyemkopesha gunia nimeshamwambia apite jioni.

Mama muuza unga,
Komini ya Kenya, Lubumbashi