Imparfait ifundishwe kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba vijana wetu wanakimbia Kifaransa kwa sababu vitenzi vyake ni mzigo wa kukariri. Ninafundisha Kifaransa vijana wanaojiandaa kuongoza watalii hapa Arusha, na mwenyewe nimewapeleka wageni Wafaransa na Wabelgiji Karatu, Ngorongoro na Serengeti kwa miaka mingi. Malalamiko yake nayaelewa. Ila chanzo naona ni kingine: tunawapitisha vijana kwenye Kiingereza ili wafike kwenye Kifaransa, wakati Kiswahili walichozaliwa nacho kingewafikisha mapema zaidi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni njeo ya imparfait, ile ya mambo yaliyokuwa yakiendelea au ya mazoea ya zamani.

Kuiunda si kazi. Chukua kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya “sisi”: nous parlons, nous finissons, nous prenons, nous buvons. Ondoa -ons. Kwenye shina linalobaki bandika -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Utapata je parlais, tu finissais, elle prenait, nous buvions. Hata vitenzi vinavyowatesa wanafunzi katika wakati uliopo, kama faire, boire na prendre, hapa vinatulia. Kinachokataa kanuni ni kimoja tu, être, kwa kuwa nous sommes haina -ons ya kuondoa. Shina lake ni ét-, hivyo j'étais, nous étions. Il pleut na il faut hazina nafsi ya “sisi”, kwa hiyo il pleuvait na il fallait unazishika kama zilivyo. Basi.

Kwa anayesema zaidi ya kuandika, na mwongoza watalii ni mtu wa kusema, mambo ni mepesi zaidi: -ais, -ait na -aient zote zinasikika sawa. Je, tu, il na ils zinatoka na sauti moja. Kwenye kuandika kuna mambo madogo ya kuangalia. Manger hubakiza e mbele ya a, il mangeait, na commencer huchukua ç, il commençait, ili sauti ya asili ya herufi isipotee; penye i hakuna haja, nous mangions, nous commencions. Étudier hutoa nous étudiions, i mbili zikifuatana, na si kosa la uchapaji. Anayeogopa tahajia ajue pia kwamba Wafaransa wenyewe walikuwa wakiandika j'étois, il avoit kwa karne nyingi, hadi Akademia yao ilipozikubali -ais na -ait katika kamusi yake ya mwaka 1835.

Penye kazi ni kwenye kuitumia, na hapo ndipo vitabu vyetu, ambavyo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, vinapowapoteza vijana. Kiingereza kikisema lived, hujui kama ni “niliishi” au “nilikuwa nikiishi”. Mwanafunzi aliyefundishwa kupitia neno hilo anafika kwenye Kifaransa akiwa hana pa kuchagulia, na kwa hofu anaweka passé composé, njeo ya tukio lililokwisha, kila mahali.

Nitoe mfano tunaousimulia karibu kila siku, pale Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuwa huko na mumewe Louis, aliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambalo leo linajulikana kama Zinjanthropus, la miaka takriban milioni 1.75, na ambalo sasa linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwambie kijana yeyote asimulie siku hiyo kwa Kiswahili. Atasema: “Louis alikuwa na homa, alikuwa amelala kambini. Mary alikuwa akitembea mteremkoni na mbwa wake. Mara akaona mfupa umechomoza ardhini. Akarudi mbio kambini kumwita Louis.” Hakuna aliyemfundisha wapi aweke “alikuwa” na wapi aweke -ka-. Amejua tangu utotoni, kwa bibi yake, kwa hadithi za jioni.

Sasa tupeleke yale yale kwenye Kifaransa. Louis avait de la fièvre, il était couché au camp. Mary marchait sur la pente avec ses chiens. Soudain elle a vu un os qui sortait de terre. Elle est rentrée au camp chercher Louis. Kila penye “alikuwa” pana imparfait. Kila penye -ka- pana passé composé. Na ule mfupa “umechomoza”, hali iliyokuwepo pale Mary alipotupa jicho, nao ni imparfait: sortait. Kijana akiliona hili mara moja, uso unafunguka, kwa sababu anagundua kwamba uchaguzi aliodhani ni wa Wafaransa, yeye anaufanya kila anapofungua mdomo.

Nimesikia waongozaji wazuri, wenye msamiati mpana, wakisema Louis a été malade, Mary a marché, Mary a vu. Mgeni anasikia matukio matatu yaliyofuatana, kama vile Louis aliumwa akapona, kisha Mary akatembea akamaliza, kisha akaona. Wengine hugeuza: Mary voyait un os, halafu wananyamaza. Mgeni anabaki anasubiri, maana kwake sentensi imesema “Mary alikuwa akiona mfupa”, na anataka kujua ndipo ikawaje.

Mazoea nayo yanaingia kwa mlango huo huo. Avant 1959, les Maasaï faisaient paître leurs troupeaux dans le Serengeti: walikuwa wakichunga mifugo yao humo, mwaka hadi mwaka, kabla ya kuhamishwa. Maelezo ya mandhari, hali ya hewa, umri na hisia za watu, vyote huvaa njeo hii. Kule Laetoli pia, kwenye nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, za miaka takriban milioni 3.6, zilizobaki kwenye majivu ya volkano, tunasema ils marchaient debout, walikuwa wakitembea wima.

Hapa lazima nionye juu ya kanuni moja inayopendwa madarasani: kwamba jambo refu ni imparfait na jambo fupi ni passé composé. Si kweli. La domination allemande a duré une trentaine d'années, yaani utawala wa Wajerumani ulidumu miaka kama thelathini. Miaka thelathini ni mirefu, lakini msimulizi ameifunga, ameitazama kutoka nje kama kitu kilichokwisha, kwa hiyo a duré. Kiswahili kinasema “ulidumu”, hakisemi “ulikuwa ukidumu”. Muulize mwanafunzi angesemaje nyumbani, na mara nyingi jibu litakuwa limeshapatikana.

Sisemi kwamba Kiswahili kinafungua kila kufuli. Sisi husema “nilijua”, “nilitaka”, “nilimpenda” kwa -li- tupu, na mwanafunzi asipoonywa ataandika j'ai su, ambayo Mfaransa ataielewa kama “nilipata kujua”. Je savais ndiyo anayoitaka. Vitenzi vya moyoni na kichwani vifundishwe peke yake, kwa uangalifu. Tena sisi husema “walikuwa wamesubiri saa nzima nilipofika”, wakati Mfaransa anasema ils attendaient depuis une heure quand je suis arrivé, kwa kuwa kusubiri kulikuwa bado kunaendelea.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye masharti. Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili: “ningekuwa na muda, ningekaa”. Kwa hiyo vijana wetu wanasema si j'aurais le temps, je resterais. Kifaransa kinataka imparfait baada ya si, yaani “kama”, na upande wa pili ndio uchukue conditionnel, njeo ya masharti yenye miisho kama -rais: si j'avais le temps, je resterais. Watoto wa Ufaransa wenyewe hukosea papo hapo, na walimu wao huwakumbusha kwa kibwagizo, les si n'aiment pas les rais, yaani si haipendi -rais. Kibwagizo hicho nakiimbisha darasani, na kinawakaa.

Lakini tazama adabu inavyotuunganisha. Mtanzania hawezi kumwendea mtu mapokezi ya hoteli na kusema “nataka kuuliza”. Atasema “samahani, nilikuwa naomba kuuliza”. Mfaransa naye husema je voulais vous demander, kitu anachokitaka sasa hivi akikirudisha nyuma ili kisimkabe mwenzake. Na ukitaka kuwashawishi wageni msimame kidogo kutazama twiga, si on s'arrêtait un peu ? itapokelewa vizuri kuliko amri. Haya hayamo katika majedwali, na kijana wa Kitanzania anayaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. La kwanza, walimu wenzangu wathubutu kueleza njeo za Kifaransa kwa Kiswahili, hata kama kitabu kilicho mezani kimeandikwa kwa Kiingereza. Tunao majirani wa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi wanaoishi na Kiswahili na Kifaransa pamoja, bila Kiingereza katikati. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hatuna sababu ya kutowaita waje kufundisha na kutuandikia vitabu. Wao wanajua -ka- na passé composé zinapokutana na zinapoachana, na wanajua kwa uzoefu, si kwa nadharia.

La pili nakuomba wewe, Mhariri. Utoe nafasi ndogo kila wiki kwa somo la Kifaransa lililoandikwa kwa Kiswahili kitupu, mifano yake ikitoka kwenye kazi zetu: bandarini Kigoma, mapokezi ya hoteli Zanzibar, lango la Naabi kule Serengeti. Mazoezi ninayo tayari. Nikijulishwa nafasi ni ya maneno mangapi, nitayaleta ofisini kwenu mwenyewe.

Mwalimu wa waongoza watalii,
Arusha